Kiini cha Moto na Mtungi wa Maji

Fungueni kitabu katika ukurasa huu, tusome pamoja polepole.

Mnaujua mtungi wa udongo. Jua likiwaka, maji ya mtungini hubaki baridi. Kwa nini? Kwa sababu mtungi hutoka jasho. Maji kidogo hupenya katika udongo, hugeuka mvuke, huruka na kuchukua joto. Maji yanayobaki hupoa. Shikeni jambo hili, maana ndilo somo letu.

Kila kitu tunachokishika kimejengwa kwa atomu. Atomu ni ndogo mno, haionekani kwa jicho. Katikati yake mna kiini. Karibu kila kiini kina chembe za namna mbili: protoni, zenye umeme, na nyutroni, zisizo na umeme. Kalsiamu, iliyomo katika mifupa yetu, ina protoni 20.

Mwaka 2009 wataalamu wa Urusi na Marekani walitaka kutengeneza elementi mpya, yenye protoni 117. Huko Oak Ridge, Marekani, ilitengenezwa berkeliamu, yenye protoni 97. Ilipatikana miligramu 22 tu, karibu uzito wa punje moja ya mchele. Nayo haidumu: kwa siku 330 hivi, nusu yake hugeuka kuwa kitu kingine. Basi ilikuwa lazima kufanya haraka. Ikapelekwa Dubna, Urusi. Huko mashine kubwa ikairushia viini vya kalsiamu kwa mwendo wa kilometa 30,000 hivi kwa sekunde.

Tufanye hesabu. Protoni 20 na 97 ni 117. Na chembe zote pamoja, yaani protoni na nyutroni? Kalsiamu ile ilikuwa na 48, berkeliamu 249. Jumla ni 297.

Viini vingi vilipita bila kugongana. Vichache sana viliungana vikawa kiini kimoja. Lakini kiini kinachozaliwa hivyo kina moto mwingi mno, na protoni zake zasukumana. Kisipopoa upesi, hupasuka vipande viwili, na kazi yote imepotea.

Kitapoaje? Kama mtungi. Hutupa nje nyutroni, moja baada ya moja, na kila moja huondoka na sehemu ya joto. Mbona nyutroni, si protoni? Kwa sababu protoni ina umeme, na umeme huo huiwekea kizuizi mpakani. Nyutroni haina umeme, hupita bure. Zikitoka nyutroni 3, hubaki chembe 294. Zikitoka 4, hubaki 293.

Karibu viini vyote vilivyoungana vilipasuka. Baada ya kazi ya miezi mingi, mwaka 2010 wataalamu walitangaza kuwa wamepata atomu 6 tu, na hizo nazo hazikudumu hata sekunde moja. Lakini zilitosha kuthibitisha. Mwaka 2016 elementi hiyo ikapewa jina la tenesini, kutokana na jimbo la Tennessee, ilipo Oak Ridge.

Basi mmeona: kiini kilichokubali kupungukiwa ndicho kilichopona.

Sasa andikeni majibu:
1. Mtungi hupozaje maji?
2. Kwa nini nyutroni hutoka kwa urahisi kuliko protoni?
3. Toa 4 katika 297. Zabaki ngapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.