Mtungi wa Babati na Gesi ya Songo Songo

Msikilizaji wa Babati, ukisikia nchi ina gesi asilia futi za ujazo trilioni 57, usidhani ndiyo iliyo kwenye mtungi wako. Ya Songo Songo, iliyoanza kutumika 2004, na ya Mnazi Bay hupita bombani hadi Dar es Salaam, nyingi ikizalisha umeme. Ya mtungi huja kwa meli kutoka ng'ambo, kisha lori huipandisha mpaka huku chini ya Mlima Kwaraa.

Mkakati wa serikali wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mahitaji yatapanda, sawa. Ila mama anayenunua mkaa wa kopo hahesabu trilioni. Mtungi wa ruzuku atauchukua, gesi ikiisha atarudi kwenye mkaa. Serikali, ruzuku iguse na kujaza.