Tindikali ya bahari ya kale katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa



Kichupa ninachokipitisha mikononi mwenu kina kitu kinachofanana na mchanga mweupe. Ukikiweka chini ya hadubini utaona magamba ya foraminifera wa jamii zinazoelea baharini, viumbe wa seli moja wanaojijengea nyumba ya chokaa. Wengi wao hawafiki nusu milimita. Kiumbe akifa, gamba lake huzama na kufukiwa na tope, likiwa limebeba kemia ya maji aliyoishi ndani yake.

Tunachokitafuta humo ni boroni. Elementi hii ina isotopu mbili, boroni 10 na boroni 11, na katika maji ya bahari hukaa kwa sura mbili: asidi ya boriki na borati. Boroni 11 hupendelea kukaa kwenye asidi ya boriki. Maji yakizidi tindikali, borati hupungua na ile inayobaki hupungukiwa na boroni 11. Kiumbe wetu huchukua borati anapojenga gamba. Basi gamba lenye upungufu wa boroni 11 linatuambia kuwa pH ya maji ilikuwa chini. Na kwa kuwa maji ya juu hupeana hewa ya ukaa na anga, kutoka pH tunaweza kupanda hadi angani, ilimradi tujue pia joto la maji na kiasi cha kaboni au alkali iliyoyeyuka ndani yake.

Viputo vya hewa katika barafu ya Antaktiki vimetupa rekodi isiyokatika ya miaka 800,000 hivi. Ukitaka kwenda nyuma miaka milioni 34, rudi kwenye magamba haya.

Lakini si kila gamba linafaa, na hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Katika tope la chokaa la vilindi vya bahari, maji hupenya kwa mamilioni ya miaka, yakayeyusha gamba na kulijenga upya. Umbo hubaki, kemia hubadilika. Gamba la namna hiyo huonekana jeupe kavu, kama punje ya sukari. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi hauruhusu maji kupita, na magamba yake bado yanang'aa kama kioo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa uchorongaji ulioshirikisha watafiti wa Tanzania na wa nje ulichimba visima kadhaa huko, kwa sababu udongo wa juu umeshaharibiwa na mvua na jua letu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Udongo huloweshwa, ukachujwa kwa chekeche laini, ukakaushwa. Kisha mtu huinama kwenye hadubini na brashi yenye ncha nyembamba iliyoloweshwa, akiokota gamba mojamoja la jamii ileile. Kipimo kimoja cha boroni chaweza kuhitaji mamia. Mfinyanzi nao una boroni yake, kwa hiyo udongo uleule uliohifadhi gamba ndio unaoweza kulisingizia, usiposafishwa hadi punje ya mwisho.

Mwaka 2009 Paul Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya magamba ya Tanzania kutoka mpaka wa enzi za Eosini na Oligosini, ile miaka milioni 34 iliyopita, wakati Antaktiki ilipofunikwa na barafu. Makadirio yao ya kati ya hewa ya ukaa, barafu ilipokuwa ikikua kwa kasi, ni sehemu 760 kwa milioni. Magazeti hupenda kuishia hapo. Waandishi wenyewe walisema kati ya 450 na 1,500. Upana huo unatokana zaidi na kutojulikana vema isotopu za boroni za bahari nzima ya wakati ule. Binafsi naiamini zaidi mienendo, yaani kupanda na kushuka ndani ya kisima kimoja, kuliko namba moja iliyosimama peke yake. Kwa kulinganisha, kabla ya viwanda anga lilikuwa na 280. Leo limevuka 420, na pH ya maji ya juu imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi 8.1.

Nimalizie na jambo la ghala. Mfinyanzi huu una madini ya pairiti. Udongo uliochorongwa ukiachwa na unyevu na hewa, pairiti huoza na kutoa asidi ya salfa, na asidi hiyo hula chokaa. Nimewahi kufungua sanduku la sampuli nikakuta chumvi za jasi zimemea juu ya udongo na magamba hayapo. Basi ninyi mnaosimamia uchorongaji kati ya Kilwa na Mtwara, kaushieni sampuli mapema, andikeni kina cha kila kipande kwa kalamu isiyofutika, na chujeni sehemu yake mwaka uleule ilipotoka ardhini.