Vigari vya Wagonjwa: Viuzwe au Vitunzwe?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za parokia na wafadhili, Sumbawanga)



Tumeulizwa kuhusu vigari hivi vya wagonjwa vya kijeshi tulivyoachiwa na mfadhili. Ni vya zinki iliyomiminwa katika kalibu. Vile vya Dinky vilitengenezwa Liverpool, Uingereza, miaka ya 1950. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa kigari kisichochubuka rangi, tena kikiwa na boksi lake.

Tunashauri vyenye maboksi viuzwe, fedha inunue machela za vijiji ambavyo gari halifiki wakati wa masika. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja barabara ikauke. Vilivyochubuka vibaki hapa, watoto wetu wanaounda vigari vya waya na makopo wavione.

Lakini mkusanyo huu una pengo. Juni 1916 Waingereza waliiteka Bismarckburg, yaani Kasanga yetu. Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck akasalimisha silaha Abercorn, leo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka. Katika vita vile majeruhi wengi walibebwa kwa machela, mabegani mwa watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kupita 90,000. Jina la kikosi chao ndilo Kariakoo. Kabatini humu hakuna kitu kinachowaonyesha.

Basi kila parokia itutafutie mzee anayejua kufunga machela ya miti. Tutaweka moja ndogo katikati ya vigari. Miti tunayo, kamba mje nazo.