Aliyepasuliwa Ale Nini?



Leo tuzungumze habari za mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, na hasa habari za hotpoti yake. Ukipita wodini Nyakahanga kule Karagwe, au Isingiro kule Kyerwa, utaona wanaopeleka chakula wengi ni vijana. Mama amelazwa, baba yuko shambani, basi wewe ndiye unayepanda bodaboda na hotpoti mapajani. Je, ndani umeweka nini? Mara nyingi ni ndizi, chai ya rangi, soda na ile glukosi ya pakiti. Umefanya kwa upendo, lakini kidonda kina mahitaji yake.

Nikisema upasuaji mkubwa, nina maana ya kufunguliwa tumbo kwa sababu ya utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo, au henia iliyojinyonga, au mama aliyejifungua kwa kupasuliwa. Huyu wa mwisho huenda ni dada yako mwenye miaka 19.

Sasa sikiliza. Mwili haujui kwamba kisu kilikuwa cha daktari. Wenyewe unaona umejeruhiwa tu. Hapo hapo unapeleka damu nyingi na chembe nyeupe kwenye jeraha. Pale panapata joto, panavimba, panakuwa pekundu na panauma. Wataalamu wanaita inflamesheni. Siku chache za mwanzo hali hiyo ni kazi ya kuponya, usiogope. Tatizo ni gharama yake. Miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa Glasgow, David Cuthbertson, alipima mikojo ya watu waliovunjika mifupa mikubwa. Aliona protini ya miili yao inapotea kwa wingi. Yaani mwili unabomoa misuli ili upate matofali ya kuziba jeraha! Ndiyo maana mgonjwa anarudi nyumbani amekonda mapaja, hata kusimama kunamshinda.

Kwa hiyo anahitaji protini kuliko siku za kawaida: kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku. Haya, tupige hesabu. Nusu kilo ya ndizi zilizopikwa haifikishi hata gramu 7. Ebitoke ni chakula chetu na sisemi tuziache, zinatia nguvu. Lakini kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, kikombe cha maziwa 8, yai moja 6, kiganja cha karanga 7, na kiganja kizuri cha dagaa wakavu kama 15. Maharage vikombe viwili, maziwa viwili, mayai mawili, karanga na dagaa: umefika 80. Vyote hivi utavipata gulioni Omurushaka au Nkwenda. Dagaa nawasifia zaidi kwa sababu wana mafuta ya omega-3, ambayo mwili huyatumia kutuliza inflamesheni ikizidi. Ongeza parachichi, mchicha, na papai au chungwa, maana bila vitamini C kovu haliwi imara. Chai ya rangi ingoje saa moja baada ya mlo. Inazuia madini ya chuma, na huyu amepoteza damu.

Na glukosi? Baada ya upasuaji sukari ya damu mara nyingi hupanda yenyewe, na sukari nyingi hurahisisha kazi ya vijidudu. Glukosi haijengi nyama. Pesa hiyo nunua mayai.

Mtaniuliza kuhusu maziwa ya unga ya makopo yenye virutubisho. Yanasaidia kweli, hasa kwa aliyekuwa amekonda kabla ya kupasuliwa au asiyeweza kula vya kutosha. Lakini ni ghali, na anayekula vizuri hapungukiwi kitu asipoyapata. Muulize daktari kwanza, usimwulize muuza duka.

Lingine: usimlazimishe njaa. Zamani mgonjwa alisubiri siku nyingi mpaka atoe hewa. Siku hizi wengi huruhusiwa kunywa na kula mapema, hata siku hiyo hiyo au kesho yake. Aliyepasuliwa utumbo asubiri ruhusa ya daktari. Na aliyekaa siku nyingi bila kula aanze kidogo kidogo chini ya uangalizi, kwa sababu kushibishwa ghafla kunaweza kuvuruga chumvi za damu hadi moyo usimame.

Akisharudi nyumbani, wewe mwangalie kidonda kila siku. Uwekundu na maumivu vinatakiwa kupungua. Vikiongezeka baada ya siku 3 au 4, ukaona usaha, harufu mbaya, homa, au mshono unaachia, usipake majani wala unga wa vidonge. Mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.