Bunduki, Mbwa au Jirani: Tulinde Boma kwa Nini?

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa barazani mbele ya wakulima wa majani chai)



Niliombwa nizungumze kuhusu usalama wa nyumbani, na najua kwa nini nimeombwa wakati huu. Bonasi inakaribia. Kila mwaka malipo ya pili ya chai yakianza kutajwa, kuna swali ambalo hunifuata hadi kwenye matatu: kwa nini mtu mwenye ng'ombe watatu wa gredi na shamba lake asiruhusiwe kuweka bunduki nyumbani? Wengine huuliza kwa hasira, hasa aliyeamka asubuhi akakuta zizi limefunguliwa na nyayo zimeingia kwenye chai. Hilo ni swali la haki na nitalijibu bila kuzunguka.

Bunduki haijakatazwa kabisa nchini Kenya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema hakuna raia atakayemiliki bunduki au risasi bila cheti. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Bodi huangalia tabia yako, rekodi yako kwa polisi, hali ya akili yako, na sababu yako ya kuomba. Tena cheti ni cha mtu mmoja. Si cha boma, si cha familia. Mzee akienda Nairobi kwa mazishi, mama aliyebaki hana ruhusa ya kuigusa bunduki hiyo, wala kijana wa Form Four. Kwa hiyo usiku ule ambao mwenyewe hayupo, na wezi hupenda usiku kama huo, nyumba haina ulinzi wowote kutoka kwa kile chuma.

Mwezi Desemba 2018 serikali ilitangaza kwamba kila raia mwenye leseni apigwe msasa upya, na waliokosa kufikisha masharti wakapokonywa. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba leseni ikitoka imetoka milele.

Na ile ya kununua kwa njia ya pembeni, wazee, tusiongee kwa mafumbo. Kuna watu wanaopita wakinong'ona kwamba wanaweza kukupatia. Shirika la utafiti liitwalo Small Arms Survey lilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na karibu zote hazikuwa zimesajiliwa. Ukinunua mojawapo hujui ilitumika wapi jana. Ukikamatwa na bunduki ya kivita kama AK-47, sheria inaruhusu kifungo cha maisha. Mkulima aliyeibiwa ng'ombe wawili anakuwa mfungwa, na mwizi anaendelea kunywa maziwa.

Sasa tuseme umefuata njia ya halali na umepewa. Utaiweka wapi? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu watu wakifikiria bunduki hufikiria ile dakika ya kumwonyesha mwizi tu. Hawafikirii siku zile nyingine zote za mwaka. Ukiifungia ndani ya sefu, risasi mbali na bunduki, kama inavyotakiwa, basi saa nane ya usiku mlango ukivunjwa unahitaji tochi, ufunguo, na mikono isiyotetemeka. Ukiiweka chini ya mto ili iwe karibu, basi iko karibu pia na mtoto wa miaka sita anayetafuta remoti. Sijawahi kusikia mtu akinipa jibu la tatu.

Halafu kuna ukungu wetu. Mnajua Kericho na Bomet usiku wa mvua: huoni mbuzi wako mwenyewe kwenye hatua kumi. Kijana amechelewa kutoka Litein, bodaboda imemwacha barabarani, anapita katikati ya chai kimya kimya kwa sababu anamwogopa baba. Wewe unaona kivuli.

Msidhani natunga tu. Afrika Kusini, tarehe 14 Februari 2013, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria. Alisema alidhani ni mwizi. Ndani alikuwa Reeva Steenkamp, mpenzi wake, naye akafa. Mahakama haikukubali kwamba kule kudhani kunatosha. Mwaka 2015 alipatikana na hatia ya mauaji. Na hapa kwetu, katika iliyokuwa Mkoa wa Bonde la Ufa pamoja nasi, mwaka 2005 kwenye shamba la Soysambu, mwenye shamba Tom Cholmondeley alimpiga risasi Samson ole Sisina, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori aliyekuwa kazini. Alisema alidhani ni majambazi. Kesi hiyo iliondolewa na Mwanasheria Mkuu, jambo lililowaudhi Wakenya wengi. Mwaka uliofuata, katika shamba lile lile, Robert Njoya, mwashi, akafa kwa risasi, na mwaka 2009 mahakama ikamtia Cholmondeley hatiani kwa kuua bila kukusudia. Huyu alikuwa mtu aliyezoea bunduki, mwenye leseni, na mwenye mawakili wazuri. Sisi wa kilo za majani tutalipa wakili gani?

Mtu atauliza: je, sheria hainiruhusu kujitetea? Inakuruhusu. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua kujitetea na kutetea mali, lakini kwa nguvu zinazolingana na hatari iliyopo. Aliyekujia na panga mlangoni ni jambo moja. Anayekimbia na kuku, au ameshageuza mgongo kuelekea mtoni, ni jambo lingine kabisa, na korti itauliza hivyo hivyo. Swali hilo halihusu bunduki peke yake. Linahusu pia mshale na rungu, na linahusu umati unaomkamata kijana sokoni na kutafuta tairi. Kuua mshukiwa ni kuua.

Kuna jambo moja ambalo wazee hawapendi nilitaje. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na daktari Arthur Kellermann, walilinganisha nyumba zenye bunduki na zisizo nayo katika kaunti tatu. Nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mauaji ya mtu ndani yake mara 2.7 zaidi, na mara nyingi muuaji hakuwa mgeni aliyeruka ua. Alikuwa mtu wa nyumba hiyo au anayefahamika. Marekani si Konoin, nakubali. Lakini ugomvi wa shamba tunao, pombe tunayo, na mwaka ambao bei imeanguka na mkopo wa Sacco unadai, kuna wanaume hapa wanaokaa usiku macho wazi wakiwaza mabaya. Chuma kile kikiwa chumbani usiku huo, hakichagui adui.

Basi tulinde kwa nini?

Kwanza pesa. Mwizi wa msimu wa bonasi hafuati nyumba, anafuata noti. Pesa ikiwa benki, kwenye Sacco au kwenye simu yenye namba ya siri, hakuna cha kufuata. Na tafadhali, mkitoka kituo cha kuuzia majani msitangaze kilo zenu za mwaka mzima mbele ya kila mtu. (Akina mama wanacheka, wanajua ninamaanisha kina nani.)

Mlango wa mbao wenye komeo mbili za chuma kwa ndani, na fremu iliyoshikwa vizuri ukutani, ni bei ndogo sana kando ya ng'ombe mmoja. Zizi liwe karibu na dirisha unakolala, si kule chini karibu na njia ya mto. Kufuli iwe upande wa nyumba. Taa ya sola inayowaka mtu akipita husaidia sana kwa sababu mwizi wa ng'ombe anahitaji giza na muda, na taa inamnyima vyote viwili. Ua wa miiba unaopandwa leo utafaa baada ya miaka, lakini upandwe. Kile ambacho sitaki kusikia ni mtu kuunganisha waya wa stima moja kwa moja kwenye ua. Huo haumjui mwizi wala mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

Mbwa ni rafiki wa zamani wa Mkipsigis na bado sijaona alamu inayomshinda. Lakini mbwa asiyechanjwa ni hatari nyingine ndani ya boma. Leseni za mbwa ni kazi ya kaunti, katika Ratiba ya Nne ya Katiba, sawa na taa za barabarani. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, na hilo kaunti haiwezi kulibadilisha. Kwa hiyo sokoni kwenu kukiwa na giza, tusumbueni sisi kupitia msimamizi wa wadi, kwa maandishi, mkitaja mahali penyewe.

Ng'ombe nao wapigwe picha kwa simu, pande zote mbili, na alama ya sikio ionekane. Wizi ukitokea, picha ifike kwa polisi na kwa masoko ya mifugo kabla jua halijapanda. Aliyeibiwa akisema tu "alikuwa mweusi mwenye baka", atasaidiwa vipi?

La mwisho ni jirani. Serikali ilipoleta Nyumba Kumi mwaka 2013, wazee wa hapa walishangaa kidogo, kwa sababu kokwet ilikuwepo kabla ya serikali yenyewe. Nduru ikipigwa, kila boma linatoka. Siku hizi nduru inapigwa na watu wanaongeza sauti ya redio. Kwa hiyo kila kokwet ikubaliane: firimbi au nduru gani ni ya hatari, nani anafunga njia ya chini, nani anafunga njia ya barabara, nani anapiga simu 999 au 112. Wakitoka, watoke na tochi, wapige kelele, wazuie ng'ombe wasipite. Akikamatwa mtu, apelekwe kwa chifu au kituoni akiwa mzima. Na ukiwa na habari lakini unaogopa kuonekana, laini ya bure ya DCI ni 0800 722 203.

Nimemaliza yangu. Chifu amenipa dakika ishirini za maswali, na naona yule mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mbwa. Karibu, mzee.