Kipima Mwanga Hujibu Ulichokiuliza



Nimeombwa niseme machache, nami nimechagua kueleza kosa langu moja.

Mwaka 2003, nikiwa chuo kikuu, niliazima kamera ya Leica M6, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, nikaenda nayo nyumbani kumpiga picha baba. Alikaa kibarazani katika kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa. Nilitia lenzi ya milimita 35, nikachungulia, nikaona vishale viwili vyekundu vimewaka sawasawa, ishara kwamba mwanga ni wa kutosha. Nikamaliza filamu nzima. Iliposafishwa, kanzu ilikuwa ya kijivu na uso wa baba mweusi tititi, hata macho hayaonekani.

Nilidhani kipima mwanga ni kibovu. Sivyo. Ndani ya kamera ile, mbele ya filamu, mna pazia lenye doa jeupe la upana wa milimita 12. Mwanga unaopita katika lenzi hupiga doa hilo, nao ndio unaopimwa. Doa halibadiliki, kinachobadilika ni kile kinachoangukia humo. Ukisimama mita 3 kutoka kwa mtu, lenzi ya milimita 35 hupima duara la karibu mita 1: uso, kanzu na ukuta kwa pamoja. Ya 50 hupima kama sentimita 70. Ya 90 hupima sentimita 40 tu, yaani uso na shingo. Na kwa kuwa kamera hii huchunguliwa kwa kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi, mpaka wa duara huuoni. Lazima uujue kichwani.

Tena kipima hudhani kila kitu ni cha kijivu cha wastani. Kikikuta weupe mwingi, hukuamuru upunguze mwanga.

Dawa ilikuwa hatua chache tu: nimsogelee baba hadi mita 1, nipime uso wake, kisha nirudi nyuma nipige. Sikujua. Alifariki kabla sijarudi tena na kamera.

Siku hizi ofisini huletewa taarifa zenye wastani wa wilaya nzima. Kila nizisomapo hukumbuka uso ule, nikauliza: duara hili limeshika nini? Mara nyingi jibu hunilazimu kuinuka kitini na kwenda kijijini.

Vijana, sogeeni karibu kwanza, ndipo mpime.