Kuchagua Ukulele ya Msafiri: Begi Kwanza, Sauti Baadaye



Nimepangiwa kuzungumzia ukulele inayofaa kwa mtu wa safari, pamoja na ndugu yake, banjo-ukulele. Niseme mapema ninaposimama. Tukiingia dukani tunaanza kuuliza ipi ina sauti tamu, na hapo ndipo tunapopotea. Msafiri aanze na begi lake, afuatishe hewa ya huko aendako, sauti ije ya tatu. Nimeona ukulele nzuri mno zikikaa kabatini mwaka mzima kwa sababu mwenyewe anaogopa kupanda nazo boti.

Chombo chenyewe kilizaliwa safarini. Agosti 1879 meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao walikuwa na machete, kigitaa kidogo cha nyuzi nne, na kutokana nacho wakaunda ukulele kwa mbao za koa za Hawaii. Mfalme Kalākaua akaipenda, ikaingia kasrini. Kwa hiyo udogo wake ni wa asili. Ukubwa ndio uliokuja baadaye.

Leo saizi za kawaida ni nne. Soprano ina urefu wa sentimita 53 hivi kutoka kichwani hadi kitakoni, konsati 58 hadi 60, teno kama 66, na baritoni hupita 75. Baritoni niiache tu. Hutyuniwa tofauti na wenzake, kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, na anayetaka kuibeba afadhali abebe gitaa dogo.

Sasa chukueni kanda ya kupimia. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la mkononi lenye urefu wa sentimita 55 hivi na upana wa kama 40. Soprano inalala humo imenyooka. Konsati haiingii wima, ila ukiilaza mshazari inaingia, kwa sababu kutoka pembe hadi pembe ya begi hilo ni sentimita 68. Teno nayo kwa hesabu ya urefu peke yake ingeingia, lakini tumbo lake lina upana unaozidi sentimita 20, na kona ya begi hailipokei. Teno itataka mkoba wake, na mkoba wa pili ni jambo la kubishania na mtu wa mlangoni.

Upande wa vidole mambo si rahisi kama wauzaji wanavyosema. Wanakwambia mwenye mikono mikubwa achukue saizi kubwa. Lakini upana wa shingo pale juu, nyuzi zinapoanzia, haupishani sana: soprano na konsati nyingi ziko kwenye milimita 35 au zaidi kidogo. Nafasi inayoongezeka ni ya urefu, kati ya freti na freti. Pigeni kodi ya D, vidole vitatu vikibanana kwenye freti ya pili. Kwenye soprano nafasi hiyo haifiki sentimita 2. Kwenye konsati inafika 2. Kwenye teno ni kama 2.3. Milimita hizo chache ndizo zinazokuruhusu kupanga vidole kishazari badala ya kuvisukuma kwenye mstari mmoja. Mwenye vidole vinene basi asipime saizi peke yake, apime na upana wa shingo. Zipo pia soprano za shingo ndefu, tumbo la soprano na shingo ya konsati, nazo zinawafaa wengi ingawa hazionekani sana madukani kwetu.

Nikitakiwa nitaje saizi moja kwa msafiri mtu mzima, nataja konsati. Kwa mtoto wa shule ya msingi, soprano.

Suala la mwili wa chombo ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa pwani. Viwanda vizuri huunda ukulele katika vyumba vyenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50. Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja mara nyingi hupita asilimia 70. Ubao mtupu wa kipande kimoja ukifika huku unakunywa unyevu na kuvimba: uso unabinuka, nyuzi zinapanda juu ya shingo, na kubonyeza kunakuwa kazi. Wapiga udi mliomo humu mnalijua hili. Lakini madhara makubwa yako kwenye kubadili hewa. Koa huishi vizuri Hawaii, nako ni visiwa vya bahari. Ukulele hiyohiyo ukiitoa pwani ukaipeleka Dodoma wakati wa kiangazi, au ukailaza wiki nzima chini ya kiyoyozi, ubao unasinyaa. Pitisha kidole ukingoni mwa shingo: ukisikia ncha za freti zinakukwaruza, shingo imesinyaa na chuma kimebaki palepale. Ufa huja baada ya hapo.

Ndiyo maana naziheshimu mbao za tabaka, zile zinazofanana na plaiwudi, ambazo wajuzi huzidharau. Tabaka zimepishanishwa, hazipasuki upesi. Sauti yake ni finyu kidogo, nakubali.

Plastiki nayo ina historia ya heshima. Mwaka 1949 Mario Maccaferri, fundi Mtaliano aliyekuwa amebuni magitaa ya Selmer aliyoyapiga Django Reinhardt, alitoa ukulele ya plastiki iitwayo Islander, ikauzwa kwa mamilioni. Leo ziko za polikaboneti unazoweza kuzisuuza kwa maji baada ya siku ya ufukweni, na ziko kama Flea ya kampuni ya Magic Fluke, mgongo wa plastiki na uso wa mbao. Ya plastiki tupu ndiyo ningeiacha kwenye gari lililofungwa juani, na hata hiyo kwa shingo upande. Ya mbao kamwe: joto hulainisha gundi, na daraja linang'oka likiwa na nyuzi zake. Daraja hung'oka pia mtu anapofunga nyuzi za chuma za gitaa. Ukulele ya kawaida imeundwa kubeba nailoni au fluorokaboni, basi.

Nije kwenye banjo-ukulele. Ina shingo ya ukulele na tumbo la banjo: pete ya mbao au chuma, kiwambo juu yake, na kulabu zenye nati za kukikaza. Inavuma. George Formby wa Lancashire alijijengea jina kwayo, na katika Vita vya Pili vya Dunia aliwatumbuiza nayo askari uwanjani, mahali ambapo ukulele ya mbao isingesikika mstari wa tatu. Zamani kiwambo kilikuwa ngozi ya ndama, ambayo siku ya mvua hulegea na sauti ikazama. Tangu Remo Belli alipoanza kuuza viwambo vya plastiki mwaka 1957, hofu hiyo imepungua. Banjo-ukulele mpya karibu zote zinavyo.

Mzigo umehamia kwenye chuma. Uzito wa banjo-ukulele unaweza kuwa mara mbili au tatu ya ukulele ya mbao, na kulabu zinaota kutu kwa hewa ya chumvi. Zifute kwa kitambaa kikavu, tone la mafuta ya cherehani kwenye kila nati, na usisahau spana yake ndogo nyumbani. Daraja lake halikugandishwa. Nyuzi ndizo zinazolishikilia. Ukizilegeza zote kwa pamoja limeondoka. Badilisha uzi mmoja mmoja, na uweke alama ya penseli kwenye kiwambo. Likihama, pima kutoka mwanzo wa nyuzi hadi freti ya 12, kisha weka umbali uleule kutoka hapo hadi darajani. Piga uzi mtupu, kisha ubonyeze freti ya 12: sauti ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, sogeza daraja mbali na shingo, ikiwa chini, lirudishe.

Jambo la mwisho ni la mpakani. Mbao za jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo, ziliwekewa masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, kuanzia Januari 2, 2017. Mwishoni mwa Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa zenye mbao za Dalbergia nigra ya Brazili. Mwenye ukulele ya zamani aijue mbao yake kabla ya kupanda ndege.

Mezani hapa nimeleta soprano ya plastiki, konsati ya mbao za tabaka na banjo-ukulele moja. Kabla ya maswali, karibuni mzibebe, mpige kodi ya D kwenye kila moja, na spana iko kwenye bahasha.